Mkimbiaji Aliyefunga Mdomo

"Wameshaanza kumtazama?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Bibi siku nilipomwonyesha video ya binti yangu akikimbia. Sikulielewa. Nilidhani anauliza kama makocha wa vyuo wameshamwona, nikamjibu kwa furaha yangu yote kwamba ndiyo, wanamtazama sana, kila Jumamosi. Bibi akanirudishia simu, akavuta blanketi hadi kidevuni, akaniambia nifunge dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Oktoba.

Nieleze habari za huyu Bibi kwanza. Alikuwa Mpolandi, amepita miaka themanini, anaishi peke yake katika nyumba ya ghorofa upande wa mashariki wa Buffalo. Mimi nilikuwa mhudumu wake. Nilimwogesha, nilimpikia supu yake ya viazi vyekundu, nilimpa dawa, nilibishana naye. Kutoka kwetu Lower West Side nilipanda mabasi mawili kila asubuhi, na wakati wa theluji safari ile ilinitosha kuichukia dunia kabla ya saa tatu. Nilimwita Bibi kwa sababu nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kwa watu wa Kigoma mzee wa namna ile ni bibi. Dada yangu mkubwa yeye alibaki kwetu Kongo, Uvira, mpaka akawa mtu mzima, sasa anaishi Beechmont, kule Louisville. Kwao bibi ni mke, na hakuchoka kunicheka.

"Bibi yako analala?" alikuwa akiniuliza kwenye simu. "Bon, na bwana yako anajua kama uko na bibi?"

Tulicheka mpaka machozi. Mimi ni mtu wa maneno, nimezaliwa na mdomo, na mama yetu alikuwa akisema nilianza kuongea kabla ya kukaa. Wakati ule sikuona ubaya wowote wa jambo hilo.

Kwamba Bibi alikuwa mwanariadha nilijua kwa picha moja tu, aliyoitundika bafuni, nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni haioni mpaka ajifungie ndani. Msichana mrefu, mapaja ya kazi, nywele fupi, uzi wa mwisho unamkatikia kifuani. Mita mia moja na mita mia mbili. Alikimbia kwa niaba ya Poland miaka ya sitini, na aliniambia bila kuona haya kwamba kuna wakati wanawake wenzake wa nchi nzima walikuwa wakigombania nafasi ya pili. Alipenda kulisema hilo akiwa ndani ya maji ya moto.

Kwa nini aliacha, alinieleza siku moja nikimsugua mgongo. Sikumuuliza. Alianza tu.

Kwanza, alisema, waliwapitisha uchi. Wasichana wote waliokuja kwenye mashindano yale waliingia chumbani mmoja mmoja, wakapita mbele ya meza, na nyuma ya meza walikaa madaktari watatu waliotaka kuhakikisha kwamba wanaokimbia na wanawake ni wanawake. Mmoja alikuwa anakula tufaha. Bibi alipita, wakaandika kitu, wakamwambia avae. Mwaka uliofuata, katika mji mwingine wa nchi nyingine, walikuja na ustaarabu zaidi. Hakuna kuvua nguo. Kijiti chenye pamba tu, kinasuguliwa ndani ya shavu, halafu karatasi itasema. Wasichana walisimama foleni wakifungua midomo kama watoto wa chanjo. Ilipofika zamu yake, Bibi alifunga mdomo.

"Walikulazimisha?" nilimuuliza.

"Hapana. Walikuwa na adabu. Walisubiri nifungue, mimi nikasubiri waondoke. Halafu nikachukua begi langu nikaenda stesheni."

Hakuna aliyemshtaki. Hakuna aliyeandika chochote kibaya. Magazeti yalisema ameumia mguu, na watu wa mji wake walipomuuliza habari za mguu walikuwa wakitabasamu. Msimu uliofuata jina lake halikuwemo kwenye timu. Muda wake bora ulibaki kwenye kitabu cha klabu yake, lakini pembeni mtu aliweka nyota ndogo, zile ambazo unashuka nazo chini ya ukurasa kutafuta maelezo. Bibi alishuka nayo. Chini hapakuandikwa kitu. Aliondoka Poland na nyota yake, akaja Buffalo akafanya kazi kiwanda cha mikate miaka ishirini na kitu, hakuolewa, na hata hilo la kutoolewa, alisema, wenzake wa kanisani walilihesabu kuwa ushahidi.

Mimi nilimwogesha kwa miaka miwili. Kama kuna mtu duniani angeweza kuwajibu wale wa meza, ni mimi, na sina cha kuwajibu. Ni mwili wa mwanamke mzee. Goti la kushoto limevimba. Mgongo unapenda kukunwa.

"Kwetu," aliniambia nilipokuwa nikimfuta, "huwezi hata kusema umekimbia bila kusema wewe ni nani. Mwanamume husema *biegłem*. Mwanamke husema *biegłam*. Kila nilipofungua mdomo nilikuwa nimeshawaambia. Walitaka nini tena humo ndani?"

Nami nikajivuna kwa lugha yangu. Nikamwambia kwetu hatuna taabu hiyo: nilikimbia ni nilikimbia, alikimbia ni alikimbia, yeye ni yeye, awe baba, awe mama, awe paka. Bibi akafikiri kidogo, akasema hiyo ni lugha nzuri ya kupumzikia.

"Lakini huishi humo," akaongeza. "Unaishi kwenye Kiingereza, na kwa Kiingereza kila siku unamwita mtoto wa kaka yangu *she*."

Ni kweli. Mtoto wa kaka yake ni mwanamume mwenye ndevu, anakuja Jumapili na gari lake kubwa. Lakini nani kati yetu hajakosea hapo? *He* ya wanaume na *she* ya wanawake huwa zinanitoka kama njugu mkononi, yoyote itakayotangulia. Nimemwita pasta *she* mbele ya waumini, nimemwita mkunga wangu *he*. Watu wetu wote tuko hivyo, na kati yetu hatusikii kosa. Nilimcheka Bibi kwa ukali wake, nikampaka mafuta miguuni.

Baridi ile ile timu ya shule ya binti yangu ilialikwa Louisville, kwenye mashindano ya uwanja wa ndani. Nilichukua likizo nikaenda naye, tukalala Beechmont kwa dada. Dada alipika sombe na samaki kama vile tunakuja arusi, na asubuhi akaja nasi uwanjani amevaa kitenge juu ya koti. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Amechukua urefu wa baba yake na mabega ya upande wetu, na nywele alikuwa amezikata zote kwa sababu alichoka kusukwa. Alikimbia mita mia mbili. Sitasema alikimbiaje, nitaonekana ninajisifu, lakini dada alisimama akapiga kigelegele mpaka mlinzi akageuka.

"Ule mutoto!" alisema. "Anakimbiaka kama mwenye kufukuzwa!"

Kulia kwangu alikaa mama mmoja mwenye chupa ya chai na blanketi la timu fulani magotini. Mtoto wake alikuwa wa pili. Alinigeukia kwa uso mzuri akaniuliza wangu ni yupi.

Mimi, mwenye mdomo wangu! Nilimwonyesha kwa kidole, nikamwambia yule, wa njia ya tano, *he* ndiye mtoto wangu wa kwanza. *He* alianza kukimbia akiwa mdogo, kambini, *he* alikuwa akilifukuza gari la maji, na hakuna mvulana aliyempata. Mama yule alikaa na tabasamu lake lakini halikusogea tena. "*He*?" aliuliza. Nilidhani anashangaa mbio. Nikasema ndiyo, ndiyo, *he*! Akatoa simu akaiweka juu ya blanketi, akaniomba nimweleze tena, taratibu, tangu mwanzo. Nikamweleza tena. Nilifurahi kupata mtu wa kunisikiliza.

Barua ilifika baada ya wiki chache. Kocha wa shule aliniita ofisini kwake peke yangu. Ni mtu mpole, na siku hiyo alikuwa anapanga kalamu zake mezani badala ya kunitazama. Alisema kuna mzazi amelalamika. Alisema waandaaji wa mashindano makubwa ya kiangazi, yale ya Columbus ambako makocha wa vyuo hukaa na madaftari yao, wanataka mzazi wa binti yangu atie saini fomu ya idhini ili achukuliwe kipimo kabla ya kukimbia. Kipimo chenyewe si kitu, alisema. Kijiti chenye pamba, ndani ya shavu.

Nikamuuliza mzazi huyo amelalamika kwa ushahidi gani. Kocha akasema kuna sauti iliyorekodiwa. Akabonyeza simu yake, na mle ofisini nikajisikia mwenyewe nikicheka, *he*, *he*, *he*, na nyuma yangu dada bado anapiga kigelegele.

Nilimwomba amweleze binti yangu habari ya kipimo tu, asimwambie kuhusu ile sauti. Akakubali. Nilimweleza kuwa lugha yetu haina maneno hayo mawili, akaitikia kwa kichwa kwa upole ule ule, akasema ananiamini, lakini haamui yeye.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kufanya mazoezi ndani ya basi. *She*, *she*, *she*, nikitazama theluji chafu. Duka la dawa nikamwita mume wangu *she*, mfamasia akanitazama. Dereva wa basi *she*. Nilikuwa ninafunga mlango baada ya mwizi kutoka, na nilijua.

Nyumbani mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo, na kila siku kilikuja kitu kidogo kingine. Binti yangu alianza kuvaa suruali ndefu mazoezini. Alianza kurudi nyumbani bila kuoga shuleni, kwa sababu akiingia chumba cha kubadilishia nguo wenzake wawili wanakumbuka wamesahau kitu nje. Kwenye mashindano ya Buffalo kwenyewe nilimwona baba mmoja amesimama kwenye uzio, hatazami mbio, anampiga picha binti yangu akiwa ameketi anafunga kamba za viatu. Nyumbani mlango wa bafu ulikaa umefungwa muda mrefu bila sauti ya maji.

Siku moja nilikuwa ninachambua maharage, akasimama mlangoni. Binti yangu hunijibu kwa Kiingereza, ndivyo watoto walivyo hapa, lakini siku hiyo alikuja na Kiswahili cha nyumbani, nami nikaogopa kabla sijasikia swali.

"Mama, wakati nilizaliwaka, ni nani aliniona?"

"Mkunga," nilisema. "Na mimi."

"Muliona vizuri?"

Nilimwambia asiwe mjinga. Nilimwambia kwa ukali. Lakini nitasema jambo ambalo naona aibu kuliandika: tangu hapo nami nilianza. Akipita na taulo, jicho langu lilimfuata. Akiinua mkono kufikia kabati, niliangalia mkono. Nilikuwa nikiangalia kitu ambacho nilikizaa, nikakinyonyesha, nikakibeba mgongoni, na nilikuwa nikikitafuta kosa. Wameshaanza kumtazama, Bibi aliniuliza. Ndiyo, Bibi. Hata mimi.

Nilikwenda kwa Bibi na fomu. Ilikuwa wiki ya Pasaka, na kwenye jokofu lake alikuwepo yule mwanakondoo wa siagi ambaye Wapolandi wa Buffalo hununua kila mwaka, na utepe mwekundu shingoni. Bibi hakuruhusu akatwe. Alikaa humo mpaka akawa wa manjano.

"Nitie saini?" nilimuuliza. Nilimweleza kila kitu, hata ile sauti.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisema yeye alifunga mdomo, na kila mtu akasikia alichotaka kusikia. Wengine walifungua, na wako waliorudishwa nyumbani na karatasi ambayo hawajaielewa mpaka leo. Nikamuuliza angerudi pale kwenye foleni angefungua?

"Sijui," alisema. "Ndiyo shida. Mpaka leo sijui wangekuta nini. Kabla ya kijiti sikuwahi kujiuliza."

Nilipokuwa ninavaa koti aliniita, akasema nimwambie msichana asiinue kichwa mapema akitoka kwenye kona. Anapoteza hatua mbili pale. Hiyo ndiyo zawadi aliyompa, na nilimfikishia.

Columbus tulifikia mtaa wa Clintonville, kwa mama mmoja wa Kitanzania ambaye mume wake anasoma huko. Alitupokea vizuri, chapati, maharage ya nazi, mkeka sebuleni, karibu mwanangu, pole na safari. Hakujua chochote. Alimsifu binti yangu kwa urefu, na binti yangu akakunja mabega ili awe mfupi.

Ijumaa mchana tulikwenda uwanjani, mimi, binti yangu na kocha. Walituingiza chumba kidogo chini ya jukwaa. Kulikuwa na meza. Nyuma ya meza mwanamume na mwanamke, wote wapole, wametuandalia maji ya kunywa. Juu ya meza fomu, kalamu, na kisanduku cheupe kirefu. Niliijua ile meza. Nilitafuta kwa macho tufaha.

Nilikuja na nia ya kutia saini, na niliseme hilo wazi. Mwanangu alitaka kukimbia, na mbio za kesho zingeweza kumlipia chuo kizima. Nikashika kalamu. Halafu nikauliza kwa Kiingereza changu, polepole, nikichagua kila neno, *she*, *she*: je, karatasi ikisema jambo ambalo hatulitarajii, nani atajua?

Yule mwanamke akanijibu kwa uaminifu. Kamati itajua. Shule itajua. Na aliyelalamika ana haki ya kujibiwa.

"Mama, just sign," binti yangu alisema.

Nilimwona yule mama wa Louisville na blanketi lake magotini, anafungua barua. Nilimwona binti yangu ana miaka themanini, ndani ya maji ya moto, hajui. Nikaweka kalamu chini.

"Mama!" Akawageukia wale wawili, sauti inapanda. Akauliza amefanya nini. Akauliza ni nani, ni nani hasa aliyesema jambo hili juu yake, maana haki ya kujibiwa yeye pia anayo.

Kocha akanyanyua mkono lakini alichelewa. Yule mwanamume, bila ubaya wowote, akifikiri sote tunajua, alimwambia kwamba shaka lilitokana na maneno ya mama yake, kwenye ile rekodi.

Kilikuwa chumba chenye feni, na ninaikumbuka sauti ya ile feni. Binti yangu alinigeukia taratibu.

"Donc, ni weye?"

Nilianza kueleza. Kigoma, yeye, *he*, *she*, Kiswahili, nilisema yote kwa mara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Halafu akachukua kalamu, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kama anavyofundishwa mtoto kuandika. Aliniambia kwa Kiswahili kwamba nimefungua mdomo mara moja, sasa nimwache na yeye afungue wake.

Sikutia saini. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimlinda au nilimnyima. Vidole vyangu vilikataa tu, na yule mwanamke akakirudisha kile kisanduku cheupe kwenye begi.

Jumamosi tulilazimika kukaa jukwaani, kwa sababu basi la timu lilisubiri wengine wamalize. Jua lilikuwa kali. Binti yangu alikaa kando yangu na suruali yake ndefu, amenigeuzia bega tangu chumba kile. Wasichana wa mita mia mbili walitoka wakasimama kwenye njia zao, na njia ya tano waliiacha wazi. Walipotoka kwenye kona nilimsikia akisema chinichini, "Kichwa," kwa msichana wa mbele aliyeinua mapema.

Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akitabasamu, akauliza kwa Kiingereza wangu ni yupi pale uwanjani. Nilivuta pumzi nitafute neno. Binti yangu akanitangulia.

"*He doesn't speak English*," alisema.

Eti sijui Kiingereza. Na hiyo *he* hakuikosea. Mtoto huyu amekua na Kiingereza, hajawahi kukosea hapo hata mara moja. Mama yule alitazama kitenge changu, akatazama kifua changu, akapanda usoni, akarudi tena kifuani, kitu gani alikuwa akitafuta anakijua mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengi. Nilifunga mdomo, nikatazama njia ya tano mpaka akageuka.